Saa Moja kwa Kila Nyumba

Somo: Matendo ya Mitume 20:17–28

 

Katika somo letu Mtume Paulo anawaaga wazee wa kanisa la Efeso. Anawakumbusha kwamba alikuwa akiwafundisha mbele ya watu wote, tena nyumba kwa nyumba. Jambo lile la kwanza sisi watu wa kanisa tumelishika sana. Twajenga makanisa makubwa, twanunua vipaza sauti, twaalika wahubiri kutoka mbali. Lakini hilo la pili, la nyumba kwa nyumba, mara nyingi tunalikumbuka kukiwa na msiba au harambee. Wakati huohuo nyumba za Wakristo zinavunjika. Mume na mke wanaketi benchi moja Jumapili, na tangu Jumatatu hawasemezani. Mchungaji akiulizwa, atasema hana nafasi. Husema kweli, maana wengine wana makanisa manne na pikipiki moja.

Leo twataka kuwasimulia habari za mchungaji wa zamani ambaye naye hakuwa na nafasi.

Jina lake lilikuwa Richard Baxter. Alizaliwa mwaka 1615 katika jimbo la Shropshire, Uingereza. Hakupata kusoma chuo kikuu. Mengi alijisomea mwenyewe. Mwaka 1641 aliitwa kuhubiri katika mji wa Kidderminster, mji wa wafumaji wa nguo. (Baadaye mji huo ulipata sifa kwa mazulia yake, lakini siku za Baxter mazulia yalikuwa bado.) Mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya Mfalme na Bunge, akalazimika kuondoka, na baadaye akawa kasisi katika jeshi la Bunge. Mwaka 1647 alirudi hali ni mgonjwa, na ugonjwa haukumwacha sana tena maishani mwake. Alikaa Kidderminster mpaka mwaka 1660.

Mahubiri yake yalipendwa. Kanisa lilijaa hata ikabidi zijengwe roshani tano ndani yake ili watu wapate pa kuketi. Mchungaji mwingine angeona roshani tano akatosheka. Baxter hakutosheka, kwa kuwa alikuwa amegundua jambo lililomwuma. Watu waliomsikiliza miaka mingi, tena kwa bidii, akiketi nao faraghani alikuta hawakuelewa hata mambo ya kwanza ya imani. Tena aliona kwamba nusu saa ya mazungumzo ya karibu ilimfaa mtu wa namna hiyo kuliko miaka kumi ya mahubiri. Fikirini uchungu wa mhubiri kuyakiri hayo, tena kuyaandika kitabuni watu wote wasome.

Mwaka 1655 yeye na wachungaji wa jimbo lake la Worcester walipatana kwamba kila mmoja atawafundisha watu wake nyumba kwa nyumba. Mwezi wa Desemba wakaweka siku ya kufunga na kuomba kwa ajili ya kazi hiyo, na Baxter ndiye aliyetakiwa kuhubiri. Lakini aliugua, asiweze kwenda. Basi yale aliyokusudia kuyasema akayaandika, na mwaka 1656 yakatoka kuwa kitabu, ambacho wachungaji wanakisoma mpaka leo. Fungu alilolijengea kitabu hicho ni lile la somo letu, mstari wa 28.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Parishi yake ilikuwa na nyumba zaidi ya 800. Alitenga siku mbili katika juma, Jumatatu na Jumanne. Yeye na msaidizi wake walichukua jamaa 15 au 16 kila juma. Msaidizi alikwenda mashambani, na wale wa mjini wakaja nyumbani kwa Baxter kwa zamu. Kila jamaa ilipewa muda wa saa moja hivi. Tufanye hesabu pamoja: jamaa 16 kwa majuma 50 ni jamaa 800. Mwaka ukiisha, kila nyumba katika parishi imeketi na mchungaji wake mara moja.

Hatutaki kuwadanganya. Saa ile haikuwa ushauri wa ndoa kama tunavyouelewa leo. Ilianza na katekisimu: baba, mama, watoto na watumishi wa nyumba waliulizwa maswali ya imani, kisha maana yake, na mwisho mchungaji aliwasihi wayafuate waliyoyajua. Lakini mtu hawezi kuuliza nyumba nzima namna hiyo asione jinsi wanavyotazamana. Ataona kama baba anamjibia mkewe kila swali. Ataona mtoto anayeogopa kukohoa. Na kwa wale waliokuwa na mashaka yaliyohitaji kusemwa zaidi, Alhamisi jioni nyumba ya Baxter ilikuwa wazi; watu walikuja, wakakumbushana mahubiri ya Jumapili, kisha wakauliza mambo yaliyowasumbua dhamiri, naye akajibu.

Kuna jambo moja katika mpango huu ambalo twalipenda kuliko hata zile hesabu. Jamaa moja ilipokuwa ndani, Baxter hakukubali mtu mwingine yeyote awepo. Sababu alizozitoa ni mbili. Ya kwanza, watu wataona haya. Ya pili, wengine watatoka wakasimulie udhaifu wa wenzao. Na kama mtu alishindwa kujibu kwa kutojua au kwa haya, hakumbana. Alimwacha asikilize tu, akawageukia wengine.

Ndugu zetu, hapo tujipime. Katika makanisa yetu mengi, mume na mke wakikosana, shauri linapelekwa mbele ya wazee wa kanisa. Wazee wanakaa saba au kumi na mmoja, na mwandishi wao, na kitabu cha kumbukumbu. Mwanamke anasimamishwa aeleze mambo ya chumbani mbele ya wanaume ambao mmoja ni shemeji yake na mwingine ndiye anayewauzia maziwa. Hatuyadharau mabaraza ya wazee. Babu zetu walimaliza kesi ngumu chini ya mti, na mashauri ya mipaka na mahari yalifaa yasikilizwe na wengi. Lakini aibu ya mume na mke si mpaka wa shamba. Jambo likisemwa Jumamosi mbele ya watu kumi na mmoja, Jumatatu litakuwa limefika kwenye kinu cha kusagia mahindi, na hapo hata wale wawili wakitaka kupatana, wataona wamechelewa, kwa sababu wamekwisha kuwa hadithi.

Labda mtauliza, huyu Baxter mwenyewe alikuwa na ndoa ya namna gani? Hapo pana kichekesho kidogo. Miaka yote ile ya Kidderminster alikuwa kapera! Aliona hata ni faida, maana asiye na watoto wake aliweza kuwafanya watu wote kuwa watoto wake. Alioa mwaka 1662 akiwa na umri wa miaka 46, na watu walisema mengi, kwani bibi arusi, Margaret Charlton, alikuwa na miaka 20 na ushei tu. Walikaa pamoja hadi Margaret alipofariki mwaka 1681, na mwaka huohuo mjane yule akaandika kitabu kidogo cha maisha ya mkewe. Ndani yake alikiri kwamba mkewe alikuwa hodari kuliko wachungaji wengi katika kutatua mambo yanayosumbua dhamiri za watu. Mara nyingi alimwuliza shauri, naye akamwonyesha mahali alipokosea. Miaka ya mwisho karibu kila jambo aliloletewa alimweleza mkewe kwanza, isipokuwa yale ya siri.

Isipokuwa yale ya siri! Alimpenda na kumtegemea kiasi hicho, na bado siri ya mtu ilibaki kwake mwenyewe. Wake za wachungaji wanaotusikia wasikasirike. Twajua kwamba katika parishi nyingi wao ndio washauri hasa, maana wanawake huwaendea jikoni wala hawaendi ofisini. Lakini kila mmoja na ashike la kwake aliloaminiwa.

Tuvuke sasa miaka mingi. Katika karne ya ishirini elimu ya nafsi ilienea Ulaya na Marekani, na kulikuwa na waganga wa akili ambao mgonjwa aliwaendea kila juma kwa miaka mingi. Baadhi ya wachungaji walianza kuwaiga. Lakini usiku wa tarehe 28 Novemba, 1942, jumba moja la starehe katika mji wa Boston, jina lake Cocoanut Grove, liliungua moto, wakafa watu 492. Daktari mmoja, Erich Lindemann, aliwahudumia walionusurika na jamaa za waliokufa. Mwaka 1944 aliandika aliyoyaona. Alisema kwamba huzuni isiyo na matata mengi yaweza kusaidiwa kwa mazungumzo nane hadi kumi, mtu akisaidiwa kuukabili msiba wake badala ya kuukimbia. Na aliwataja wachungaji kuwa miongoni mwa wanaoweza kusaidia, kwa kuwa madaktari wa akili hawangetosha. Tangu hapo wazo la msaada mfupi wenye mpaka likapata nguvu.

Huku Afrika nako alitokea mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani, Walter Trobisch, aliyefanya kazi nchini Kamerun pamoja na mkewe Ingrid. Mwaka 1962 alitoa kitabu kidogo cha barua alizoandikiana na kijana mmoja na msichana wake. Kitabu kilienea, na vijana wengi wakamwandikia wakitaka shauri, naye na mkewe wakajibu. Fikirini: ushauri wa karatasi moja na stempu moja! Kitabu chake kingine, cha mwaka 1971, kinasimulia siku nne tu alizokuwa mgeni katika mji mmoja wa Afrika. Jioni alifundisha kanisani juu ya ndoa, na mchana akaonana faraghani na waliokuja na mizigo yao. Mtu aliyetuchoma moyo katika kitabu hicho ni mke wa mchungaji mwenyeji, aliyelalamika kwamba mumewe ana nafasi kwa watu wote isipokuwa yeye.

Mwaka 1992 mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, David Benner, aliwaandikia wachungaji mpango wa ushauri usiozidi vikao vitano. Kwanza kuonana na kujua shida ni ipi. Kisha kulishughulikia jambo lenyewe. Kisha kuachana vizuri. Wengine wameona vitano ni vichache mno. Sisi zamani tulikuwa miongoni mwa hao, na tutawaeleza kilichotugeuza.

Miaka kadhaa iliyopita walitujia mume na mke. Ugomvi wao ulikuwa karo ya shule na mama mzaa mume. Tuliwakaribisha, tukasikiliza, tukaomba, tukawaambia warudi Alhamisi. Wakarudi. Tukawaambia warudi tena. Walianza kuja wakati wa kuvuna kahawa, na mahindi ya msimu uliofuata yalikuwa yameota bado wanakuja. Sisi tulijisifu moyoni kwamba tuna subira. Siku moja yule mama alisema, bila nia mbaya, kwamba juma lile waligombana Jumapili jioni, lakini wakanyamaza, kwa sababu walijua Alhamisi wataletea Mchungaji. Ndipo tulipoona. Tulikuwa tumegeuka kuwa hakimu wao. Maneno waliyopaswa kuambiana jikoni kwao walikuwa wakiyaweka akiba ili wayasemee kwetu, kila mmoja akitafuta hukumu ya upande wake.

Tukawaambia, kwa hofu kidogo, kwamba tutaonana mara tatu tu zaidi. Baba yule alinuna. Lakini kikao cha kwanza cha zile tatu kilikuwa na kazi kuliko vyote vilivyotangulia. Walijua saa zinahesabiwa, basi wakaacha kusimulia nani alianza mwaka gani, wakashika jambo moja: nani ataweka fedha za karo, na mama mkwe ataambiwa nini, na nani atamwambia. Hatusemi kwamba nyumba ile imekuwa paradiso. Bado wanagombana, na juzi tuliwasikia wakibishana juu ya mbuzi tangu njiani. Lakini wanagombana wao kwa wao, na wanapatana wao kwa wao.

Kwa hiyo twawaambia wachungaji wenzetu na wazee wa kanisa: mnapoanza, semeni mwisho. Semeni tutaonana mara tatu, au nne, au tano, siku fulani na saa fulani. Ulizeni jambo moja wanalotaka libadilike kwanza, dogo linaloonekana kwa macho, kama kula pamoja jioni au kuonyeshana mshahara. Wakirudi, msianze na kosa lililotendeka; ulizeni ni siku gani katika juma lile mambo yalikwenda vizuri, na siku hiyo kila mmoja alifanya nini. Na baada ya kikao cha mwisho, pitieni nyumbani kwao baada ya miezi miwili mnywe chai tu.

Lakini kuna nyumba ambazo vikao vitano haviziwezi, wala hamsini. Turudi kwa Baxter kidogo. Kidderminster hapakuwa na daktari, na kwa miaka mitano au sita yeye ndiye aliyewatibu maskini bila malipo, mpaka mlango wake ukajaa wagonjwa. Mwishowe alimtafuta daktari wa kweli, mcha Mungu, akamleta akae mjini, naye akaahidi kutotibu tena. Alijua kazi yake inaishia wapi. Basi mwanamke akija kwetu ana majeraha, au anamwogopa mumewe kwa maisha yake, tusiwaketishe wawili pamoja na kuwataka wasameheane. Nyumbani atapigwa kwa yale aliyoyasema mbele yetu. Nchini mwetu iko sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na jeuri ya nyumbani, na mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi. Mchungaji amsindikize mtu huyo hospitali na polisi. Hali kadhalika ugonjwa wa akili na pombe iliyomshinda mtu. Hao wana madaktari wao, na sala yetu haipungui nguvu kwa kumpeleka mgonjwa kliniki.

Hata Serikali inatutazamia kwa yale yanayotuhusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba waliofunga ndoa ya Kikristo waweza kutafuta upatanisho kwa chombo cha kanisa walimofungia ndoa, kama kipo. Hayo maneno ya mwisho, kama kipo, tumeyafikiri sana. Katika parishi yako kipo? Nani aketiye humo? Chumba kina mlango unaofungika?

Nanyi msiseme parishi ni kubwa. Chukua kanisa lenye nyumba 250. Mchungaji na mzee mmoja mwaminifu wakichukua nyumba tano kila juma, saa moja kila nyumba, mwaka hautaisha kabla hawajamaliza. Na nyumba nyingi kati ya hizo hazitakuwa na kesi yoyote. Hizo ndizo zinazofaa kutembelewa kwanza, wakati neno ni jepesi na hakuna aliyehamia kwa mama yake.

Tumalizie habari za Baxter. Mfalme Charles wa Pili aliporudi mwaka 1660, Baxter alipewa nafasi ya kuwa askofu wa Hereford. Akaikataa. Alichokitaka ni kurudishwa kwa wafumaji wake wa Kidderminster, nacho akanyimwa. Hata kuhubiri katika dayosisi ile akakatazwa. Mwaka 1662 sheria mpya iliwaondoa wachungaji wapatao 2000 katika makanisa yao, naye akawa mmoja wa walioachwa nje. Aliandika kitabu kikubwa cha maongozi ya Mkristo, kilichotoka mwaka 1673, na sehemu yake nzima ni ya mambo ya nyumbani: mume, mke, wazazi, watoto na watumishi.

Alikumbuka kwamba alipofika mara ya kwanza, katika mtaa mmoja ungeweza kupata nyumba moja tu yenye ibada ya jamaa. Na alipoondoka kulikuwa na mitaa ambayo, katika upande mmoja wa mtaa, huwezi kupata zaidi ya nyumba moja isiyo nayo. Wafumaji walisimama kwenye mitambo yao na kitabu kimefunguliwa mbele yao, wakisoma huku wakifuma. Na alipokuwa amekaa mbali nao miaka kama sita, bila ruhusa ya kuwahubiria, huku wakisemwa vibaya mimbarani, aliandika kwamba walikuwa bado wamesimama.

Sasa tutasikiliza wimbo kutoka kwa akina mama wa kwaya, kisha tutaziombea nyumba zenu. Kama mko wawili hapo mlipo, na tangu jana hamjasemezana, msizime redio.